Maisha ya Breki, Mwalimu wa Udereva

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Breki, kwa kuwa ndilo neno alilowapigia kelele mlipokuwa mkijifunza gari kwake.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, ambako akiwa darasa la tano aliugua homa iliyomvimbisha viungo na kumwachia kasoro kwenye valvu ya moyo, naye akazoea kusema kwamba injini ni nzima, ila inavuja kidogo.

Mwaka 1991 aliajiriwa na shule ya udereva, na tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na mwanafunzi wake aliyefeli mtihani mara mbili, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari mwaka huu aling'olewa jino, homa ikafuata, akanunua vidonge vya antibiotiki bila kupimwa, homa ikashuka, akaviacha, ikarudi, akanunua vingine. Aprili, shemeji yetu, yaani mkewe, alipomburuta hospitali, daktari alisikia mvumo mpya moyoni, na kipimo kikaonyesha uchafu wa bakteria, walioingia damuni kupitia pengo la jino, umeganda kwenye valvu, lakini damu iliyochukuliwa mara tatu haikuotesha kijidudu chochote maabara, kwa sababu vidonge vilikuwa vimetangulia kuvidhoofisha, ikabidi dawa zichaguliwe kwa kukisia.

Aliandikiwa dripu ya antibiotiki ya wiki sita. Homa ilipokatika wiki ya pili alivaa viatu, akatangaza kwamba amepona na anakwenda kazini, shemeji akaketi mlangoni na kumwambia kuwa safari hii breki anakanyaga yeye. Alibaki, akamaliza dawa, ila valvu ilikuwa imeshatoboka, na akisubiri upasuaji moyo ulishindwa, akafariki asubuhi ya tarehe 21 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Aliagiza tuwaambie bila kuficha kwamba vidonge vile vilimchelewesha, na kwamba mwenye kasoro ya moyo akipata homa, damu ichukuliwe kwanza.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliohangaika na mishipa yake, walimu wenzake, na jirani yetu mwenye kasoro ya moyo kama yake, ambaye jana alishikwa na homa hapa msibani, akarudisha vidonge mfukoni, akaenda kupimwa.

Kaka, umesikika. Pumzika kwa amani.