Kabla Haijauzwa Bunduki ya Marehemu

Basi la kwenda mji wa Ludlow lilikuwa halijavuka hata daraja, na mama aliyeketi mbele yangu alishavua glavu na kuzivaa mara tatu. Mzee aliyekaa naye, asiyemjua, alishindwa kuvumilia. "Mama, umekalia siafu?"

"Naenda kupiga risasi visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Mara yangu ya kwanza."

"Leseni ya bunduki unayo?"

"Sina."

"Basi leo utalala polisi!"

"Mzee wangu, bunduki ni ya uwanja wa shabaha, na mkufunzi anakusimamia ubavuni. Sheria inaruhusu."

Mzee alinuna. Wako watu ambao sheria ikiruhusu jambo, huwa wameharibiwa siku.

"Na umri huu, bunduki ya nini?"

Mama akaeleza kwamba mumewe alifariki Februari, na bunduki yake imehifadhiwa kwenye duka la bunduki. Ijumaa lazima aseme kama iuzwe, au aombe leseni irudi nyumbani. "Miaka thelathini alikuwa ananiambia mimi hata ng'ombe aliyelala nitamkosa. Nataka nijue kabla sijaiuza."

Mzee akakohoa. "Haya. Basi lenga kisahani chenyewe."

"Unalenga mbele yake, kinakoelekea."

"Nani kakudanganya?"

"Marehemu."

Basi likasimama. Nyuma ya ua wa miti bunduki ikalia, na mama aliyekuwa ameshasimama akakaa tena.

"Unaogopa!"

"Nafunga kamba za viatu." Viatu vyake havikuwa na kamba.

Dereva akauliza kama kuna anayeshuka. Mama akashuka. Mzee naye, mwenye tiketi ya Ludlow, akamfuata akinung'unika, "Mbele yake! Ngoja nikakuone ukikosa."