Mama Vomoli wa Sarapoe, Aliyemvika Ndama Ngozi ya Mwenzake

Siku Garae Toa alipomwona Mama Vomoli kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amepiga magoti chini ya minazi, akimvika ndama hai ngozi ya ndama aliyekufa. Ilikuwa tarehe 2 Agosti 2018, hapa hapa Sarapoe, mashariki ya kisiwa cha Santo. Garae na mkewe Roselin walikuwa wameshuka melini kutoka kisiwa cha Ambae, wakikimbia volkano, majivu yake bado yamo nyweleni, na kanisa lilikuwa likiwagawa wageni nyumba kwa nyumba.

Mama hakuinua hata kichwa. "Wewe bwana, shika miguu ya nyuma. Usisimame kama mlingoti."

Garae alishika. Ng'ombe mwekundu, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, alimnusa yule yatima mgongoni, akanusa tena, akaguna, kisha akamwacha anyonye. Ndipo mama alipomtazama mgeni wake, nguo zimekakamaa kwa majivu. Aliingia ndani akatoka na shati la buluu. "Vaa," alisema.

Marehemu Rutha Vomoli alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Moli Pae na Bi Vosale. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba huko alijifunza kusoma, kushona, na kulala macho wazi wakati wa mahubiri.

Aliolewa na Mzee Rave Sul mwaka 1971 katika kanisa la hapa, wakajaliwa watoto wawili, Lisel na Pala. Mzee alifariki mwaka 1998. Watu walidhani mama angeuza ng'ombe. Hakuuza hata mmoja.

Kazi ile aliijua kwa mikono yake. Ng'ombe akizaa huficha ndama vichakani, na mtu akimtafuta, mama mtu hutazama upande mwingine kabisa. Garae alizunguka sana siku za mwanzo, mama akimcheka kutoka uzioni. "Usifuate macho yake, atakudanganya! Tafuta kule asikotaka kutazama." Wakati wa kuwaachisha ndama ziwa, aliwatenga na mama zao kwa uzio tu, pua ziweze kugusana. Alisema kilio cha kuonana hakiui.

Mwezi wa Februari 2016 Pala alivuka mto uliofurika, amebeba ndama mabegani. Ndama alifika ng'ambo. Pala alizikwa pale penye minazi ya baba yake, na nguo zake zote zikatiwa kaburini pamoja naye, kama ilivyo desturi yetu, ili asirudi kuzitafuta. Lilisalia shati moja, lililokuwa limeanikwa kwenye uzio wa ndama. Mama alilichukua akalificha.

Garae hakuyajua hayo. Aliona tu kwamba kila akiingia malishoni ng'ombe huacha kucheua. Humjia wote, polepole, bila mlio, wakamlamba mikono ya shati. Jirani, Tata Zaki, yaani Baba Zaki, ndiye aliyemfungua macho.

"Wewe mtu wa majivu, kwenu mlifuga nini? Moshi?"

"Nguruwe, tata."

"Basi ng'ombe hawakujui wewe. Wanamjua mwenye shati." Tata Zaki alitema mate kando. "Na huo mluzi unaowaitia, nani kakufundisha?"

"Hakuna mtu, tata. Umenijia tu."

"Huo ni wa Pala," alisema mzee, akaenda zake bila kuaga.

Meli ya kuwarudisha watu Ambae ilipotangazwa, mama alimwambia Garae abaki. Garae alibaki, lakini hakujua ni nani aliyeombwa abaki, yeye au marehemu. Mama alitandika mikeka mbele ya chifu, akamfanya mwanawe kwa haki zote, na kijiji kikala laplap, mizizi iliyokunwa na kuokwa ndani ya majani, hadi kikasaza. Kesho yake alimwita kutoka jikoni, "Pala, funga lango!" Garae alisimama kidogo. Kisha akafunga. Tangu siku ile aliliitikia jina hilo, naye hakuwa na moyo wa kuuliza kama mama aliwahi kumwona yeye.

Mwaka 2023 miguu ya mama ilivimba kwa ugonjwa wa sukari, na macho yakafifia. Alilazwa hospitalini Luganville, akaomba arudishwe nyumbani. Roselin alimwogesha na kumlisha taro iliyopondwa. Kila jioni ng'ombe walikuja wenyewe uzioni upande wa dirisha lake, wakasimama wamelielekea, hakuna aliyelia. Mama aliwataja mmoja mmoja kwa majina, bila kuwaona.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Ameacha binti yake Lisel na mumewe, wajukuu watano, mwanawe Garae na mkewe Roselin, pamoja na ng'ombe wake wote na ndama wao. Ardhi aliyoitunza imlaze taratibu.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya kifo hicho, Garae alisimama mlangoni pa chumba cha mama.

"Nani hapo?"

"Mimi, mama. Pala."

"Acha uongo. Pala amekaa hapa miguuni pangu tangu asubuhi, maji yanamchuruzika."

Garae alitazama, hakuona mtu. Alisogea, akaukanyaga mkeka ulio chini ya kitanda, nao ulikuwa umelowa. Mama alinyoosha mkono, akampapasa uso wote kuanzia paji hadi kidevu, kama apapasavyo ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Wewe ni Garae," alisema. "Yule mtamba mweusi ameanza uchungu. Nenda, mwanangu, usimwache peke yake."