Bi. Naisula na Chupa Alizozisalimu Kila Asubuhi

Tarehe 30 Aprili, Bi. Naisula Sankale anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika Maabara ya Mifugo ya Enkiteng, hapa Kitengela. Koti lenyewe ni la nne. Matatu ya kwanza yaliisha kwa kufuliwa, maana Mama hajawahi kuvumilia doa.

Alikuja kutoka Kimuka akiwa msichana mwembamba mwenye diploma mpya, enzi zile ua wetu ulipokuwa seng'enge tu na pundamilia wakilala nyuma ya stoo. Kazi aliyopewa ndiyo anayoiacha leo: kukuza seli za tezi za ng'ombe ndani ya chupa, ili dawa za ndigana, ule ugonjwa wa kupe, zijaribiwe humo kabla hazijamfikia ng'ombe mwenyewe.

Na alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi saa mbili, kabla ya chai, alifungua inkubeta, lile kabati la joto tunamotunzia seli, akatoa chupa zote arobaini mezani na kuzipitia moja moja kwa hadubini huku akizisalimu kwa Kimaasai. Supa hii, supa ile. Alisema mwenye mifugo haanzi siku bila kuipitia. Sisi tulicheka, na mimi Felix Mumo, ninayeandika haya, nilicheka kuliko wote.

Shida yetu ilikuwa moja. Dawa ikifanya vizuri kwenye chupa, ikifika kwa ng'ombe wa majaribio kule Bisil inashindwa. Dkt. Hamda, mkuu wa kitengo, ndiye aliyetufungua macho. Ndani ya inkubeta ya zamani oksijeni ilikuwa karibu asilimia kumi na nane, kama hewa ya dirishani. Ndani ya tezi ya ng'ombe aliye hai ni kama tano, pengine chini ya hapo. Seli zetu zililelewa kwa anasa, zikawa na tabia ambazo hakuna ng'ombe aliye nazo.

Basi ikaja inkubeta mpya, inayoingiza nitrojeni ili kupunguza oksijeni hadi tano. Mitungi ya gesi hiyo nikakabidhiwa mimi, mtu wa mkataba. Miezi mitatu ikapita na majibu yakawa yale yale! Macho yote yakanigeukia. Eti valvu inavuja, eti Felix hakazi vizuri. Wallahi nilikaza mpaka viganja vikachubuka. Dkt. Hamda aliniita akaniambia waziwazi kwamba mkataba hautaongezwa na barua imeshachapwa. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na wiki tatu. Sitadanganya, nilikuwa na hasira na kila mtu.

Bi. Naisula aliomba karatasi za rekodi za mashine, akazitandaza kwenye meza ya chai. Kila siku saa mbili asubuhi mstari wa oksijeni uliruka juu, isipokuwa Jumapili. Jumapili Mama huwa kanisani. Akachukua kipimo, akakichovya kwenye maji ya lishe ndani ya chupa, akakuta jambo baya zaidi: kabati lilirudi kwenye tano baada ya nusu saa, lakini yale maji yalikuwa bado yameshika hewa hadi saa saba mchana. Seli zilikuwa zikipewa hewa ya nje kila siku, na aliyezipa ni yeye.

Hapo alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, jina safi, hakuna aliyemshuku. Angekunja zile karatasi anyamaze, aache tu kufungua mlango, nami ningekuwa nyumbani. Kwenye mkutano wa Ijumaa alisimama, akasema kijana mnamwonea, mitungi iko sawa, ni mimi ninayefungua mlango ili nizisalimu chupa. Dkt. Hamda alirudi ofisini akaichana ile barua. Mimi nilienda stoo nikalia, na wanaodai ilikuwa vumbi la saruji wanajaribu kunistahi.

Tangu siku hiyo mlango wa kioo wa ndani ya inkubeta haufunguliwi ovyo. Chupa hutolewa chache chache, mara mbili kwa wiki, na maji ya lishe hulazwa kwanza ndani ya kabati yazoee. Salamu ziliendelea, ila kupitia kioo, mikono ikiwa nyuma. Miezi sita baadaye chupa za Kitengela na ng'ombe wa Bisil walianza kusema jambo moja. Ripoti ina majina yetu watatu, na la Mama liko mbele.

Machi alipokuwa likizo, nilifika kazini kabla ya wengine. Nilijikuta mbele ya kile kioo, mikono nyuma, nikisema supa. Nilitazama huku na huku, hakukuwa na mtu. Sasa nakiri mbele ya wote.

Mama, ashe oleng, asante sana. Kazi ninayofanya leo nimeipata kwako. Nenda Kimuka salama, upumzike, ule na wajukuu. Na wale ng'ombe wako kumi na wawili, hao hawana mlango wa kioo: wasogelee kila asubuhi, uwasalimu mmoja mmoja, kwa muda wote utakaotaka.