Simu Niliyoiombea Ivunjike

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmejibu kwa uvivu kidogo, lakini nikimaliza mtajibu vizuri. Mimi ni Mama Kendi wa hapa hapa Kaaga, nimeokoka, na leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa ombi ambalo alikataa kunijibu.

Bwana yangu mnamjua. Baba Kendi hununua ndizi kule Mitunguu na kuzipeleka Nairobi. Kwanza alikuwa na ile simu kubwa nyeusi, nzito kama tofali, na hiyo sikuwa na neno nayo. Wivu wangu ulianza siku aliporudi na mpya, ndogo, ya kukunja, yenye kifuniko kinachofunguka tak! na kufungwa tak! Yule mzee akawa mtu mwingine. Akinywa chai, tak. Akingoja ugali, tak. Antena aliivuta kwa meno, na kioo alikifuta kwa kitambaa cha mfukoni ambacho ni mimi nilikifua na kukipiga pasi.

Halafu akachukua kitambaa changu cha krosheti, kile kizuri kilichokuwa juu ya redio, akakitandika kwenye kabati ili simu isikwaruzwe. Nimekaa miaka mingi katika nyumba ile, na hakuna siku nilitandikiwa kitu ili nisikwaruzwe! Niliionea simu wivu. Akina mama mnacheka, lakini nyinyi hamjawahi kuletewa mwenzenu akalazwa kwenye kitambaa chenu wenyewe.

Hayo ningevumilia. Kilichonimaliza ni Alhamisi. Kila Alhamisi mchana simu ililia, na Baba Kendi, ambaye huwapigia wanunuzi wa Nairobi kelele mpaka ng'ombe wanashtuka, akavua kofia. Alivua kofia, ndugu zangu! Akatoka haraka, akasimama nyuma ya zizi, nyumba ameipa kisogo, kichwa kimeinama, na sauti imelainika kama zile siku alipokuwa akinichumbia. Wakati mwingine alicheka. Nikijisogeza na ndoo kama mtu anayeenda kukamua, anamaliza maneno upesi, tak.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza.

"Ni mtu wa ndizi, Mama Kendi."

"Siku hizi mtu wa ndizi anavuliwa kofia?"

Akatazama viatu vyake.

Moyo ukawaka. Nilimwona huyo mwanamke hata nikiwa nasonga ugali: kijana, nywele za kuchoma, viatu vya visigino, macho ambayo hayajawahi kuingiwa na moshi wa kuni. Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Nikakonda, nikapata kikohozi ambacho hakikusikia dawa. Niliona nyumba yangu inaondoka hivi hivi, nikiitazama.

Na sikuwa na mahali pa kulilia. Mama yangu mzazi yuko Kanyakine, na tulikuwa hatusemezani. Mnajua desturi yetu: msichana wa kwanza anapewa jina la mama wa bwana, wa pili jina la mama wa mke. Sisi wa pili tulimpa jina la shangazi aliyemlea Baba Kendi. Mama akasema, "Kumbe mimi si mtu," na tangu hapo hakukanyaga kwangu, wala mimi kwake. Kiburi chetu ni kimoja, yeye ndiye alinizaa nacho.

Kwa hiyo nikabaki na Mungu peke yake, na ombi langu lilikuwa moja. Bwana, ivunje hiyo simu! Nilifunga na kuomba. Niliomba iangukie chooni, ikanyagwe na ng'ombe, inyeshewe. Niliomba kwa machozi, ndugu zangu! Simu ikazidi kung'aa.

Alhamisi moja Baba Kendi alikuwa bafuni, amejipaka sabuni mwili mzima, na simu ikalia pale kwenye kitambaa changu. Sikuwa nimewahi kuigusa, lakini kufungua nilikuwa nimeona mara nyingi. Nikafungua, tak! Matusi yalikuwa tayari mdomoni. Toba ningefanya baadaye.

Kabla sijasema neno, sauti ikaanza kwa Kimeru, mbio mbio, kama mtu anayeogopa sarafu zitaisha:

"Mkwe wangu, nimefika hapa posta. Mtoto wangu anaendeleaje? Kile kikohozi kimepungua? Anakula? Usimwambie nimeuliza."

Ndugu zangu! Ilikuwa sauti ya mama yangu!

Nikaketi pale pale sakafuni. Yale matusi sikuyaona tena. Nilisema tu, "Mama." Upande wa pili nikasikia sarafu ikianguka ndani ya ile simu ya posta. Halafu akaniuliza polepole, "Umekula?" Na laini ikakatika.

Baba Kendi akatokea na povu masikioni. Aliponiona nimeketi sakafuni na simu imefunguka, hakuhitaji kuuliza.

"Mimi ni mkwe," akasema. "Nitaenda kukaa mbele ya mama yako, nimwangalie macho, nimwambie apunguze hasira? Hiyo ni aibu kubwa. Hata tukikutana njiani mmoja wetu anapita kando. Lakini simu haina macho. Nikampelekea namba kupitia kwa ndugu yako, na yeye akapiga."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Alisema nikikwambia ataacha kupiga. Na amebaki kidogo tu akubali kuja."

Nililia, lakini msidhani nilitakasika papo hapo. Wivu haukutoka, ulihama! Alhamisi zote hizo, yeye nyuma ya zizi anamsikia mama yangu akicheka. Mama yangu, si wake!

Kesho yake asubuhi nilimbeba yule mtoto wetu wa pili hadi Kanyakine. Mama alikuwa mlangoni, amevaa kama mtu anayekwenda safari. Na safari yenyewe ilikuwa ya kuja kwangu. Tangu siku hiyo mtoto anaitwa majina yote mawili, na ukimwita moja tu anakataa kuitika. Kikohozi kiliisha chenyewe.

Sasa nawauliza, ndugu zangu. Kama Mungu angenisikia, simu ikaangukia chooni, mama yangu angempigia nani? Wewe uliyeketi hapo ukiomba kitu fulani kivunjike, mtumaini Bwana hata akinyamaza. Labda kile unachokichukia ndicho anachokuletea msaada nacho.

Mama yangu ndiye yule ameketi mbele na mjukuu wake. Baba Kendi yuko nyuma kabisa karibu na mlango, maana heshima ya mkwe haijaisha. Alhamisi simu ikilia, naifungua mimi kwanza. Tukiongea kidogo, mama anasema, "Haya, sasa nipe mkwe wangu," na wivu unanipanda mpaka hapa shingoni. Niombeeni! Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata ya salamu, ananiuliza kama nimekula.

Nimekula, mama. Bwana asifiwe! Sasa jibuni vizuri.