Kolamu Mbili za Kavindu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo huko nyumbani. Leo tunamkumbuka dada yetu Kavindu Mwololo wa mtaa wa Satellite, mpimaji wa maabara moja ndogo pale Hurlingham, Nairobi. Kavindu ametuacha. Ni moyo. Na ameenda kabla ya kukubali kusikia neno moja tu kutoka kwa ndugu yake.

Kazi yake ilikuwa kupima manukato, mafuta, pombe. Mashine inageuza tone kuwa mvuke, mvuke unapita kwa mrija unaitwa kolamu. Huko ndani vitu vilivyochanganyika vinaachana. Kila kimoja kinatoka na wakati wake, kompyuta inakichorea mlima.

Sasa, kolamu si moja. Kuna ile nono ya zamani, imejazwa unga. Kavindu aliiita Mama Mboga, kwa sababu inabeba mzigo mkubwa bila kulalamika, lakini vitu vinatoka vikisukumana. Halafu kuna zile nyembamba kama uzi, ndefu, zimekunjwa duara. Hizo zinatenganisha vizuri, lakini ukizibebesha, zinalemewa. Na hata hizo nyembamba hazifanyi kazi moja. Ndani zimepakwa tofauti. Moja ni ya manukato, ingine ni ya pombe. Kwa macho zinafanana. Shikeni hapo, wasikilizaji. Kwa macho zinafanana.

Asubuhi moja mdogo wake Sammy, fundi wa mabomba, alikimbizwa hospitali kutoka Kangemi. Alikunywa kitu kwa sherehe, sasa anatapika, anaona ukungu. Daktari alitaka kujua: kwa hiyo chupa kuna methanoli, ile pombe inayoua macho? Chupa ikaletwa kwa Kavindu.

Nzioka, mwenzake wa kazi, anakumbuka. "Nilimwambia, 'Kavi, si upumue kwanza?' Akanijibu, 'Huyo ni mtoto wa mamangu, Nzioka. Nipumue ya nini?'"

Akapima. Mlima mmoja. Akapigia daktari: "Ni pombe ya kawaida tu."

Lakini jioni ya jana yake Nzioka alikuwa amebadilisha kolamu, apime manukato ya mteja. Lebo aliweka. Kavindu hakuisoma. Kolamu ya manukato ikazitoa pombe zote mbili, ya kawaida na methanoli, pamoja, zikasimama kama mlima mmoja.

Mchana Nzioka akaenda kurudisha ile ya pombe. Kavindu akaona mkono wa Nzioka kwa lebo, akaisoma. Wakapima tena. Milima miwili.

Alipiga simu akilia. Dawa ikaanza, lakini macho ya Sammy hayakurudi.

Tangu hiyo siku Kavindu alisoma lebo kwa sauti kabla ya kugusa mashine. Wanafunzi wa attachment, wale wanaokuja kujifunza kazi, walimcheka: "Madam, unaiombea?" Aliwaambia, "Cheka, lakini soma."

Sammy alihamia kwake. Kavindu alimpikia chapati, akampigia nguo pasi, akamsindikiza kanisani. Na kila Sammy akianza, "Kavi, ile maneno, mimi nilisha..." alimkatiza. "Kula bwana, chapo inapoa."

"Mimi nilishamsamehe kitambo," Sammy anatuambia. "Lakini huyo dada yangu, ukimletea hiyo story anakuongezea supu. Nikasema nitangoja Krisi, tukienda nyumbani Machakos, hapo hana jikoni ya kukimbilia. Nikangoja."

Krismasi haijafika.

Wakati wa matanga, Sammy alimwomba Nzioka amletee zile kolamu mbili. Akazishika, moja kila mkono, akazipapasa pole pole.

"Ya pombe ni gani?"

"Ya kulia."

Akazichanganya magotini, akazipapasa tena. Halafu akasema, "Aki Kavi. Hata mimi ningekosea."

Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe, wasikilizaji wapendwa. Fupi hivyo.

Sammy, pole sana. Nzioka, pole. Familia yote ya Mwololo, Satellite na Machakos, tunalia na nyinyi. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu kwako anakukatiza kila ukitaka kumsamehe, leo usikubali. Acha chapo ipoe.