Fuwele Namba Saba

Sogeeni karibu, wanangu, sauti ya mama yenu haifiki mbali tena, na ninalotaka kuwaachia kwanza si nyumba bali swali lililonishinda: mbona fuwele namba saba ilijipanga kinyume na ndugu zake zote?

Mnaijua, ile punje nyeusi ndogo kuliko ukucha, iliyobandikwa kwa gundi juu ya kibati cha shaba kabatini mwangu. Niliiotesha mwenyewe katika tanuri la maabara, siku kumi na moja, nikipunguza joto kidogo kidogo. Humo ndani elektroni zimebanana hata hakuna inayojigeuza bila kumsumbua jirani. Ukizipoza, hutafuta namna ya kukaa pamoja, kama ninyi mlipokuwa mkilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule, ugomvi ukaisha. Kwanza mawingu ya elektroni, yaani maumbo ya kutanda kwake, hujipanga, moja limelala, la pili limesimama; baridi ikizidi, kwa kuwa kila elektroni ni sumaku ndogo, sumaku hizo nazo hufuata, moja juu, moja chini. Hakuna anayeziamrisha. Miaka arobaini nimelitazama jambo hilo na bado linanisisimua mwili.

Namba saba ilianza na sumaku, mawingu yakafuata. Nikaandika, nikasifiwa. Ndipo mwenzangu wa maabara, tuliyembandika jina la Mizani kwa kuwa hata salamu huipima kabla ya kuiitikia, akaniambia mbele ya wanafunzi, "Dada, hapo inayosema ni gundi yako. Kwenye baridi inajikaza, inaibana fuwele. Ibandue, upime tena." Nikamjibu, "Kabandue za kwako!" Wakacheka, naye akarudi kwenye kazi yake. Miaka ishirini na miwili hajanilipizia neno hilo, na wanafunzi wangu waliokwama aliwakwamua bila kunitajia. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemnunia! Nilisema naogopa punje itavunjika. Nilichoogopa ni jibu.

Nyumba ni yenu wawili. Madaftari achukue kitinda mimba, maana ndiye pekee anayeusoma mwandiko wangu, na msinicheke. Wewe binti yangu mkubwa, mpelekee Mizani namba saba. Ailoweke kwenye asetoni, hiyo hiyo unayofutia rangi ya kucha, mpaka gundi iachie, kisha aipime ikiwa huru. Ikivunjika, asilaumiwe. Ikiwa nilikosea, aandike hivyo, na jina langu asilifiche. Mwambie dada yake... ameomba radhi.

Nipe maji... basi, yatosha. Kaeni kama mlivyolala utotoni, wanangu, mkipishana bila kusukumana... Mungu awape... awape...

Wiki iliyofuata mazishi, binti mkubwa aliipeleka namba saba maabara ndani ya kisanduku cha hereni. Mizani alisikiliza maneno yote, akakiweka kibati ndani ya bakuli la kioo, kisha akamsogezea pamoja na chupa ya asetoni.

"Mimina wewe, mwanangu," akasema. "Gundi hii ni ya mama yako."

Binti akamimina.