Glenys Hatherly, Aliyepiga Dramu Zile

Marehemu Glenys May Hatherly, binti Tregear, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Port Kembla, katika nyumba ya mbao iliyotazamana na kiwanda cha chuma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Jory Tregear, mfanyakazi wa tanuri, na marehemu Enid. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Merle, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na ambaye ameombwa na watoto wa marehemu asipandishe hasira leo. Merle ameahidi kujitahidi.

Marehemu alianza kupiga dramu kabla ya kuona dramu. Baba aliporudi kutoka zamu, Glenys alikuwa akimpokonya bati la chakula, akilifudikiza sakafuni na kuligonga kwa vijiko viwili. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Glenys! Baba yako ana usingizi, ametoka zamu!" Naye baba, macho yamefumba, akijibu, "Mwache, Enid. Huyu anagonga kwa mpango. Kule kazini wanagonga ovyo." Watu wa mtaa ule walilala na kuamka na kishindo cha kiwanda, na marehemu alisema hadi uzeeni kwamba hakufundishwa mapigo na mtu, aliyakuta hewani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Port Kembla, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1966. Shuleni palikuwa na bendi. Mwalimu wa muziki alimwambia kwamba dramu ni za wavulana wa shule jirani, akampa kile kichuma cha pembetatu akigonge mara moja, mwisho wa wimbo. Siku ya sherehe, mbele ya wazazi na mstahiki meya, marehemu alikigonga mwanzo mpaka mwisho. Alifukuzwa kwenye bendi. Aliyemwokoa ni Bi. Crisp wa Jeshi la Wokovu, mama mnene mwenye viatu vya kamba, aliyemweka nyuma ya dramu kubwa Jumapili ya kwanza tu na kumwambia, "Piga, binti. Mungu hana masikio mepesi."

Mwaka 1971 marehemu aliingia bendi ya Iron Gully. Vijana wa leo wanaijua kutokana na redio za zilipendwa na fulana zinazouzwa madukani, lakini wazee waliomo humu ndani wanaijua kutokana na jasho. Ilikuwa bendi ya watu wa zamu. Walipiga Ijumaa na Jumamosi katika baa ya Hoteli ya Breakwater, chumba chenye dari fupi, moshi mzito na zulia linalonata viatuni. Marehemu Col Varga alicharaza gitaa hadi watu wazima wakasahau kwamba kesho kuna kazi. Kelvin Strachan aliimba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kelvin alikuwa na sauti ya kumtoa mtu kitandani, na Merle, ambaye hampendi, anasema hivyo mbele ya jeneza. Watu wale hawakusomea muziki. Walichukua kelele za mji uliokuwa ukidharauliwa na nchi nzima, wakazifanya kitu ambacho hadi leo mtu wa Perth au wa Hobart akikisikia anasimamisha gari. Hilo ni jambo kubwa na lisidharauliwe.

Wimbo wao uliovuma kupita zote, "Kengele ya Zamu", ulikuwa na desturi yake pale Breakwater. Katikati ya wimbo vyombo vyote vilikatika ghafla. Glenys aliinua vijiti juu, na baa nzima iliinua bilauri za bia juu. Hakuna kunywa mpaka Glenys apige. Siku nyingine alipiga upesi, siku nyingine aliwaacha na mikono juu mpaka ikatetemeka, huku akiwatazama mmoja mmoja na kutabasamu. Atakayeonja kabla ya pigo, anainunulia meza yake yote. Ukimya ule aliubuni yeye, akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa sababu siku moja alitaka kupangusa jasho na akaona watu wamemgandia. Waliokuwepo wanajua, na wengine wao wamekaa humu humu.

Ndipo alipokutana na marehemu Ivor Hatherly, dereva wa winchi. Ivor alikuwa na kiu kuliko subira. Alilipishwa meza nzima Ijumaa tatu mfululizo, na ile ya tatu akamfuata Glenys nyuma ya jukwaa.

"Wewe dada, unanionea. Kila nikikaribia kunywa ndipo unachelewesha."

"Nani kakwambia nakutazama wewe?"

"Basi unamtazama nani?"

"Namtazama mwenye koo lenye haraka. Wiki ijayo kaa mbele nikuone vizuri."

Alikaa mbele. Walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1977 katika kanisa la Thirroul, wakajaliwa watoto wawili, Owen na Nerida, na wakaishi kwa utani na ugomvi mdogo mdogo hadi Ivor alipotangulia mbele ya haki mwaka 2016. Ivor hakuwahi kumwambia mkewe aache dramu. Aliwaambia majirani wahame.

Sasa hapa ndipo Merle alipoombwa asome haraka. Hatasoma haraka.

Mwezi Agosti 1976, baada ya "Kengele ya Zamu" kupanda chati, bendi iliitwa Melbourne kwenye televisheni. Zama zile hawakupiga kweli kweli. Rekodi iliwekwa, wao wakaigiza. Mkubwa wa kipindi alimtazama Glenys amekaa kwenye dramu akasema mwanamke nyuma ya dramu ataonekana kichekesho, watu watadhani ni sarakasi. Wakamleta Darcy Lunt, kijana mwenye taya zuri aliyekuwa akitangaza sabuni ya kunyolea. Kelvin alimvuta Glenys pembeni.

"Glen, ni siku moja tu. Tukikataa tunarudishwa nyumbani wote."

"Na mimi nikae wapi?"

"Simama hapo nyuma ya kamera. Dramu zinazosikika si ni zako?"

Marehemu akasimama nyuma ya kamera, koti mkononi, akamtazama mtu mwingine akipiga dramu zake. Alifanya hivyo kwa ajili ya wenzake, na wenzake wanalijua hilo.

Darcy hakuwahi kuingia Breakwater hata siku moja. Ukimya ulipofika, Kelvin akaganda, Col akaganda, na Darcy akaendelea kufyeka dramu kwa nguvu zake zote, mikono inaruka, nywele zinaruka, na sauti hakuna. Port Kembla nzima iliona. Pale baa watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Nchi iliyobaki haikuona kitu. Picha ile ingali inarushwa kila mwaka, na hadi leo Darcy anafyeka hewa katikati ya kimya. Asiyetaka kuona, hata umwekee mbele ya pua haoni.

Siku moja ile ikawa maisha. Picha za bendi zikapigwa na Darcy. Jalada la santuri likatoka na taya la Darcy. Glenys alirekodi santuri zote tatu, na jina lake likaandikwa nyuma, kwa herufi za siafu, chini ya "shukrani kwa". Aliwauliza wenzake mwaka baada ya mwaka, nao wakamjibu kwamba wakati bado. Mwaka 1979 aliweka vijiti mezani akaondoka. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii imefika miaka arobaini na saba na bado inawekewa lami.

Tangu 1984 hadi alipostaafu 2011, marehemu aliendesha basi la shule kati ya Warilla na Shellharbour. Watoto walimpenda kwa sababu hakufoka. Aligonga usukani mapigo mawili, na basi zima likatulia. Lakini kuna asubuhi moja ambayo waliokuwa wanafunzi bado wanaikumbuka. Redio ilipiga "Kengele ya Zamu", kisha mtaalamu mmoja wa muziki akaeleza kwa dakika nzima jinsi Darcy Lunt alivyobuni ukimya ule na jinsi ulivyobadili muziki wa nchi hii. Basi lilisogea kando ya barabara likasimama.

"Mama Hatherly, mbona tumesimama?" akauliza binti mmoja. "Limeharibika?"

"Halijaharibika. Nasubiri nipoe."

"Unamjua huyo mtu wa redioni?"

"Yeye ndiye hanijui mimi."

Walifika shule wamechelewa. Marehemu alimwambia mwalimu mkuu ukweli mtupu, kwamba alisimama kwa hasira, na hakupewa onyo, pengine kwa kuwa hakuna aliyemwamini.

Marehemu hakuwahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake. Alivuta za wengine, miaka minane, nyuma ya dramu, chini ya dari fupi. Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Wauguzi wa Wollongong walimtunza kwa upendo na familia inawashukuru sana. Mwezi Oktoba mwaka jana, Kelvin alikuja kumwona hospitalini na zabibu. Alileta na habari kwamba Hoteli ya Breakwater inachora bendi nzima kwenye ukuta wake wa nje, kwa heshima ya urithi wa muziki wa mji huu.

"Vizuri," alisema Glenys. "Nichoreni na mimi."

"Glen, ningependa. Lakini watu wameshazoea sura ya Darcy. Tukikuweka wewe wataanza kuuliza huyu bibi ni nani."

"Si ndiyo vizuri? Waulize, wajibiwe."

"Usijisumbue na mambo ya zamani. Pumzika."

"Kelvin, chukua zabibu zako."

Alizichukua kweli. Ukuta ulipokamilika, Owen alimpeleka mama yake kuuona. Darcy amechorwa mkubwa kuliko wote, na taya lake. Marehemu aliutazama kutoka ndani ya gari, chupa ya hewa magotini, kisha akasema, "Ameshika vijiti kama uma." Walipofika nyumbani alimwita fundi wa mawe. Jiwe la kaburi la Ivor lilikuwa na nafasi upande wa pili, na marehemu alimwamuru fundi achonge hapo maneno aliyoyataka, akiwa hai, mwenye akili timamu, tarehe tu ikiachwa wazi.

Alifariki nyumbani kwake Warilla tarehe 14 Juni 2023 asubuhi, Nerida amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kufikia mchana redio ilikuwa imetangaza kwamba "rafiki wa karibu wa Iron Gully" ameaga dunia. Rafiki wa karibu! Miaka minane ya vidole kutoka malengelenge, santuri tatu, na wanamwita rafiki.

Jumanne wiki hii, programu iliyo mikononi mwenu ilipokwisha kutumwa kwa wageni, Kelvin alimpigia Merle simu.

"Pole sana, Merle. Nimeiona programu. Nzuri kweli."

"Asante."

"Ila pale mbele, chini ya picha yake, mmeandika 'mpiga dramu wa Iron Gully'."

"Ndiyo."

"Jina la bendi limesajiliwa, dada yangu. Haliandikwi hivi hivi. Lazima ofisi yetu iidhinishe. Na nasikia mmechonga hadi kwenye jiwe."

"Alichongesha mwenyewe."

"Tungeweza kuweka 'mwanamuziki'. Neno zuri tu, halimkeri mtu. Mwanasheria anasema jiwe linaweza kufutwa upya bila kuharibika."

"Kelvin, ulimtoa kwenye televisheni, ukamtoa kwenye jalada, ukamtoa ukutani. Sasa unataka tumtoe na kaburini?"

"Usilichukulie hivyo."

"Nilichukulie vipi? Hebu nifundishe."

Bwana Strachan yupo nasi leo, safu ya nne, karibu na dirisha, na familia inamkaribisha kwa moyo mmoja, kwani alikuwa kijana pamoja na marehemu na huenda hata yeye anaomboleza. Baada ya ibada tutakwenda sote makaburini. Jiwe liko wima, herufi zimechongwa kina cha kidole na kutiwa rangi nyeupe, na fundi ameshaongeza tarehe. Hatukuomba idhini na hatutaiomba. Mwanasheria akitaka kuzifuta, aje mwenyewe na patasi, mchana, na atatukuta sisi tuliomzika tumesimama hapo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Owen na Nerida, mkwe mmoja, Tamsin, wajukuu watatu, Bronte, Jarrah na Ivor mdogo, mdogo wake Merle, watoto wa basi ambao sasa ni watu wazima wenye mvi, na kila mtu aliyewahi kuinua bilauri pale Breakwater akamsubiri.

Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mpokee kwa amani, ee Mungu, Glenys May Hatherly, mpiga dramu wa Iron Gully.